Povu la Wanga: Kifungashio Kinachoyeyuka Majini

Katika somo la robo hii tunaangalia takataka ambayo zahanati na kamati nyingi za parokia, Ngara na Biharamulo, huikuta ndani ya maboksi: vile vipande vyeupe, vyepesi, vinavyokinga vifaa visivunjike njiani. Vingi ni polistirini, yaani plastiki iliyojazwa hewa. Haiozi shimoni, na ikichomwa hutoa masizi na moshi wenye sumu. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea, iliyoanza tarehe 1 Juni 2019, haikuigusa.

Ipo aina nyingine, ya wanga. Mwaka 1989 kampuni ya National Starch ya Marekani ilipewa hataza ya kuitengeneza. Wanga wa mahindi wenye unyevu kidogo husukumwa ndani ya mashine kwa joto na mgandamizo mkubwa. Unapotokea kwenye tundu, maji yaliyomo hugeuka mvuke ghafla, nao wanga huumuka kama bisi.

Je, muhogo wetu unafaa? Unafaa, lakini si hivi hivi. Mahindi yale yalichaguliwa kwa sababu wanga wake una amilosi nyingi, angalau asilimia 45. Amilosi ndiyo inayolipa povu nguvu ya kurudi likibonyezwa. Wanga wa muhogo una takriban asilimia 20 tu, hivyo povu lake huwa dhaifu mpaka liongezewe nyuzi za mimea au kiungo kingine. Kamati ikiletewa andiko la kiwanda kidogo cha povu, iulize habari za mashine, umeme, na muhogo utatoka wapi mwaka ambao batobato imeshambulia mashamba. Kwa maoni yetu, chakula kwanza.

Tena, kuyeyuka ni sifa na ni udhaifu. Boksi likinyeshewa kati ya Lusahunga na Rusumo, povu hunywea na chupa hugongana. Panya nao hulipenda. (Kwa mayai ya kupeleka mnadani, majani makavu ya migomba bado hayajapata mshindani.)

Wafadhili mnaotuma vifaa, tunaomba mwandike juu ya boksi aina ya povu lililomo. Pasipoandikwa, kamati itumbukize kipande kwenye glasi ya maji na kukoroga. Cha wanga hulainika na kuyeyuka. Polistirini huelea tu. La wanga limwagwe kwenye shimo la mboji, wala wasipewe kuku, kwa maana huenda lina viongezo visivyo chakula. Polistirini itunzwe mahali pakavu, ifungie mzigo mwingine.