Fumbo la Maneno la Kila Siku na Ujifunzaji wa Maana katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kucheza na maneno si jambo geni kwa Waswahili. Kitendawili, fumbo na kinyume ni michezo iliyokuwapo kabla ya magazeti. Fumbo la maneno linalojazwa katika viraba, ambalo wasomaji wengi hulijua kwa jina la chemshabongo, lina asili nyingine: Arthur Wynne alichapisha fumbo la namna hiyo katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Zaidi ya karne moja baadaye, mchezo wa Wordle uliobuniwa na Josh Wardle, ukatolewa kwa umma mwaka 2021 na kununuliwa na New York Times mwaka 2022, uliwazoesha watu wengi kufumbua neno moja kila siku.

Walimu wa lugha huipenda michezo hii kwa kuwa huaminika kwamba hukuza msamiati. Swali la kuulizwa ni hili: je, aliyefumbua neno amejifunza maana yake? Makala haya yanatetea hoja kwamba viraba huthibitisha umbo la neno tu, na kwamba mzigo wa maana hubebwa na kidokezo. Kwa hiyo kutunga kidokezo ni kazi ya kileksikografia, na katika Kiswahili kazi hiyo ina masharti yatokanayo na muundo wa lugha yenyewe.

2.0 Viraba na umbo la neno

Katika Wordle mchezaji hupewa nafasi sita za kukisia neno lenye herufi tano. Rangi humwonyesha herufi iliyo mahali pake, iliyomo lakini si mahali pake, na isiyokuwamo. Hapana kidokezo chochote cha maana. Mtu aweza kulifikia jibu kwa kuondoa herufi moja baada ya nyingine, na akaondoka bila kujua neno lile humaanisha nini.

Tukiuhamishia mchezo huu katika Kiswahili, tatizo huzidi. Kwa kawaida silabi za Kiswahili huishia kwa irabu, au huwa ni nazali peke yake kama m- katika mtu. Neno nalo huishia kwa irabu. Hivyo kiraba cha mwisho kina uwezekano wa herufi tano tu: a, e, i, o, u. Tuchukue umbo SOM-A, ambamo herufi ya nne haijajulikana. Maneno somea, somwa na somba yote hulijaza. La kwanza ni kauli ya kutendea ya soma, la pili ni kauli ya kutendwa, na la tatu ni kitenzi kingine kabisa, chenye maana ya kuchukua vitu kwa awamu kutoka mahali hadi mahali. Mchezaji asiye na kidokezo cha maana atabahatisha tu.

Isitoshe, herufi si kipimo kizuri cha neno la Kiswahili. Neno nyanya lina herufi sita, fonimu nne na silabi mbili. Mchezo wa kinyume, ambao Edward Steere aliutolea mfano katika Swahili Tales (1870), huhamishia silabi ya mwisho mwanzoni, hata nyumba ikawa mbanyu. Mchezaji wa kinyume haitengi m na b, wala n na y. Huu ni ushahidi kwamba mzungumzaji huligawa neno kwa silabi. Fumbo ambalo kila kiraba chake hubeba silabi moja lingeafikiana zaidi na umilisi huo: nyanya ingekatana na panya katika kiraba kimoja cha nya.

3.0 Kidokezo na maana

3.1 Usinonimia

Watungaji wengi hutoa kidokezo kwa neno moja linalodhaniwa kuwa sawa na jibu. Tuseme kidokezo ni "tazama" na jibu ni ona. Viraba vitatu vinajaa, herufi zinakatana vyema, na mwanafunzi anaridhika. Hata hivyo, kutazama ni kuelekeza macho kwa kukusudia, ilhali kuona ni kupata taswira ya kitu kwa macho. Mtu aweza kutazama asione. Hapa fumbo limefundisha kosa, tena limelithibitisha, kwa sababu usahihi wa herufi huchukuliwa kuwa ni usahihi wa maana.

3.2 Uhomonimu

Neno paa lina angalau maana nne zisizohusiana: mnyama wa jamii ya swala, sehemu ya juu ifunikayo nyumba, kitendo cha kwenda juu, na kitendo cha kuondoa magamba ya samaki. Sarufi humsaidia mtungaji kuzitenga nomino hizi. Kidokezo "huyu huwindwa" chaelekeza kwa mnyama, na "hili huezekwa" chaelekeza kwa nyumba, kwa kuwa upatanisho wa ngeli hutofautiana.

Msaada huo haupatikani daima. Kata ni eneo la utawala. Ni chombo cha kifuu cha nazi cha kutekea maji. Tena ni mviringo wa nguo au majani uwekwao kichwani chini ya mzigo. Nomino zote tatu hukubali upatanisho wa I-ZI, na ziko mbali na kitenzi kata. Hapa hapana budi kutaja matumizi ya kitu chenyewe. Mtungaji akirudia kila mara maana ya utawala pekee, msomaji kijana aliyezoea bomba na kikombe hatapata sababu ya kukutana na zile nyingine mbili.

3.3 Mnyambuliko

Kidokezo kizuri chaweza kufundisha kanuni pamoja na neno. Vidokezo "pika kwa ajili ya mtu" na "soma kwa ajili ya mtu" huleta pikia na somea. Mwanafunzi anayelazimika kuchagua kati ya i na e katika kiraba kimoja anakabiliwa na usilimisho wa irabu: mzizi wenye i huchukua -i-, na wenye o huchukua -e-. Akikutana baadaye na chekea na rukia, ataweza kuyaunda mwenyewe.

4.0 Funzo kutoka kwa kitendawili

Kitendawili "nyumba yangu haina mlango" hakitoi sinonimu ya yai. Hutoa sifa ya kitu chenyewe, na msikilizaji huvuka kutoka sifa hadi jina. Aidha, hadhira ikishindwa hudaiwa mji, kisha hupewa jibu mbele ya wote, na yeyote aweza kuuliza kwa nini. Fumbo la gazetini aghalabu hutoa jibu katika toleo linalofuata, likiwa tupu bila maelezo. Aliyekosa huiona herufi aliyoikosa, lakini haioni sababu.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kufumbua neno na kujua maana yake ni mambo mawili. Kwa watungaji na walimu tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, silabi ijaribiwe kuwa kipimo cha kiraba. Pili, kidokezo kieleze sifa au matumizi, na kisitegemee usinonimia usiopimwa. Tatu, kila jibu liambatane na maana pamoja na sentensi moja ya mfano. Na neno lenye homonimu lirudiwe siku nyingine kwa maana nyingine. Paa ikija Jumatatu kama mnyama, Jumanne kama sehemu ya nyumba, Jumatano kama kitendo cha ndege na Alhamisi kama kazi ya muuza samaki, msomaji atakuwa amejaza viraba vilevile mara nne, na kila mara amejifunza neno jipya.