Taa ya Mifuko ya Hewa Isiyozimika

Magari ya Gatuna, Rusumo, Rubavu na mipaka yetu mingine hupanda na kushuka milima mingi kabla ya kufika Kigali. Leo tunazungumzia taa moja ndogo ya dashibodi, yenye picha ya mtu aliyekaa mbele ya duara. Swichi ikifunguliwa, huwaka sekunde chache kisha huzimika. Ikibaki inawaka, kuna kasoro. Isipowaka kabisa tunashuku zaidi, kwani huenda mtu ameikatia waya ili gari lipite ukaguzi wa Remera.

Katika magari kadhaa ya kisasa, hasa yale marefu ya milimani, kasoro hiyo yaweza kuwa katika saketi ya kihisi cha kupinduka. Kihisi hiki hupima kasi ya gari kulala ubavu, na kompyuta ikipata habari hufungua mapazia ya hewa madirishani. Saketi ikikatika, mapazia hayafunguki gari linapobingirika bondeni.

Fundi aanze kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Namba ya kasoro itajayo kihisi haimaanishi kihisi kimekufa. Yaweza kuwa waya, soketi, fyuzi, au betri dhaifu tu. Wengi hununua kihisi kipya bure! Kisha azime swichi, achomoe waya hasi wa betri na asubiri dakika zilizoandikwa katika kitabu cha gari, maana kompyuta huhifadhi umeme wa kufungulia mifuko.

Mara nyingi kihisi hufungwa sakafuni, baina ya viti vya mbele. Ndiyo maana huuliza kwanza kama gari limevuka mto au zulia limeoshwa kwa maji mengi: kutu ya kijani ndani ya soketi hutosha kuleta kasoro. Atazame pia bolti, na mshale uliochorwa juu ya kihisi uelekee inavyotakiwa. Nyaya zipimwe zikiwa zimechomolewa pande zote mbili. Waya mzima huonyesha ukinzani unaokaribia sifuri. Soketi za njano za mifuko yenyewe zisiguswe kwa mita ya kawaida, kwa kuwa umeme wake mdogo waweza kuulipua mfuko usoni mwa fundi.

Anayenunua gari lililotumika, afungue swichi kabla ya kutoa fedha, na aitazame taa hiyo ikiwaka na kuzimika.