Mbegu za Kiume Hukomaa Wapi?

Swali: Ikiwa korodani ndizo hutengeneza mbegu, mrija uliojikunja nyuma ya kila moja una kazi gani?

Jibu: Mrija huo, uitwao epididimisi, ambao ukinyooshwa hufikia takriban mita 6, ndimo mbegu hukomaa, kwa kuwa zitokapo korodanini huwa na kichwa na mkia kamili lakini haziwezi kuogelea vyema wala kulipenya yai. Katika safari ya siku kadhaa ndani ya mrija huo, protini zinazotolewa na kuta za mrija hujipachika kwenye utando wa mbegu na kuzipa uwezo huo. Kisonono au klamidia isiyotibiwa yaweza kuuziba kwa makovu, na pande zote mbili zikiziba, manii hutoka bila mbegu, ingawa daktari aweza kuzivuta kwa sindano na kuzipandikiza ndani ya yai maabarani.