Dondoo muhimu: Mkiachana, gaweni siku kabla ya shilingi

Wazazi wengi wakiachana huanza na pesa ya matunzo, na siku za kukaa na mtoto zinabaki kubahatishwa. Waanze na siku. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinampa mtoto haki ya kutunzwa na kusomeshwa kama awali, na vilevile ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili, ilimradi masomo yasivurugike. Haki ni ya mtoto. Kwa hiyo matunzo yakichelewa, mama wa Bunda asimfungie baba mlango. Na baba wa Musoma asidhani kutuma pesa kumemaliza kazi. (Palipo na kipigo ni habari nyingine: anzeni kwa afisa ustawi wa jamii.)

Butiama na kwingineko wapo watakaosema: nilitoa ng'ombe, watoto ni wangu. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakidharau mila. Kinaitaka mahakama izitazame, ila nyuma ya masilahi ya mtoto, na kinachukulia kuwa aliye chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama hadi ithibitishwe vingine. Ng'ombe hakagui madaftari. Mvuvi naye atauliza, muda nitautoa wapi? Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi hupumzika. Zamu yake iangukie hapo, iandikwe kwenye kalenda za nyumba zote mbili, pamoja na nani analipa nauli na sare ya Jumatatu inafuliwa wapi.