Kompyuta Mpakato ya Bei Kubwa: Hatua Saba za Kujua Kama Inastahili Pesa Yako

Ingia duka la kompyuta Kariakoo, Dar es Salaam, au Moi Avenue, Nairobi, na utaonyeshwa mashine mbili ambazo karatasi zake zinafanana: RAM ya GB 8, SSD ya GB 256, kioo cha inchi 14. Moja inauzwa mara tatu ya nyingine. Muuzaji atakuambia kwamba ile ghali ndiyo nzuri, na huenda anasema kweli. Lakini jibu hilo halimtoshi mzazi aliyejinyima ili binti yake aanze chuo akiwa na kifaa, wala mhasibu kijana anayefungua ofisi yake ya kwanza. Kwa watu hawa tofauti ya bei ni ada ya muhula au kodi ya pango, na wana haki ya kujua wanalipia nini hasa.

Mwongozo huu una kanuni moja: lipa ziada kwa kitu ambacho kazi yako inakigusa kila siku na ambacho huwezi kukiongeza baadaye. Hatua zinazofuata zinakuonyesha jinsi ya kuitumia.

Hatua ya 1: Andika kazi zako kabla ya kutazama mashine

Chukua karatasi uandike kazi utakazofanya katika wiki ya kawaida, programu utakazotumia na mahali utakapokaa. Usiandike kazi unazotamani kuzifanya siku moja.

Orodha hii huondoa mashine kadhaa papo hapo. Mhasibu anayetumia TallyPrime, mchora ramani anayetumia ArcGIS Pro na mhandisi anayetumia Revit wanahitaji Windows, kwa kuwa programu hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya macOS. Hata MacBook iwe nzuri kiasi gani, kwao itakuwa mzunguko wa bure. Mwanafunzi anayeandika kazi za darasa, kusoma PDF na kuhudhuria vipindi mtandaoni hahitaji prosesa kubwa. Anahitaji kibodi nzuri, kioo kisichochosha macho na betri ya kudumu. Mhariri wa video au mbunifu wa picha ndiye anayetumia nguvu yote ya prosesa, na kwake kila dakika ya kungoja ni pesa.

Hatua ya 2: Tenganisha kinachoongezeka na kisichoongezeka

Gawa karatasi safu mbili. Upande mmoja weka vitu ambavyo fundi anaweza kuvibadili au kuviongeza baadaye: kwa kawaida ni SSD, betri na, katika mashine nyingi nene kidogo, RAM. Upande wa pili weka vile utakavyoishi navyo hadi mwisho: prosesa, ubora wa kioo, kibodi, uimara wa bodi na bawaba, pamoja na uzito.

Hapa pana mtego. Mashine nyingi nyembamba za bei kubwa zina RAM iliyolehemiwa kwenye ubao mkuu, kwa hiyo haiongezeki kamwe. MacBook Air yenye chipu ya M1, iliyotoka Novemba 2020 kwa dola 999 nchini Marekani, ilianza na GB 8, na aliyeinunua hivyo atabaki na hizo GB 8. Ilipofika Oktoba 2024 ndipo Apple ilipofanya GB 16 kuwa kiwango cha kuanzia cha MacBook Air. Linganisha na ThinkPad T480 ya mwaka 2018: ina nafasi mbili za RAM, na betri yake ya nje unaweza kuichomoa na kuweka nyingine bila kuzima mashine, kwa kuwa ndani mna betri ya pili.

Kwa hiyo, ukiamua kununua mashine isiyofunguka, nunua RAM ya kutosha siku hiyohiyo. Leo GB 16 ndicho kiwango cha busara kwa anayetaka kukaa nayo miaka mingi. Kama bajeti yako inafika kwenye toleo la chini kabisa tu la mashine hiyo, hapo ziada unayolipa inaanza kukosa maana.

Hatua ya 3: Soma prosesa kwa namba yake kamili

Neno "i7" peke yake halitoshi. Tazama tarakimu zinazofuata kistari. Katika i5-8250U, tarakimu 8 inaonyesha kizazi cha nane. Katika i5-1135G7, 11 ni kizazi cha kumi na moja. Kizazi cha nane ni mpaka muhimu kwa sababu mbili. Kwanza, i5-7200U ya kabla yake ina viini viwili, ilhali i5-8250U ina vinne. Pili, Windows 11 inahitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa kawaida kizazi cha nane kwenda mbele. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo i7 ya kizazi cha nne inayong'aa dukani ina jina kubwa na maisha mafupi.

Upande wa chini wa soko, epuka mashine yenye prosesa dhaifu ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC. Hifadhi hiyo ni ya polepole kuliko SSD, na mara nyingi nayo imelehemiwa. Bei yake inavutia, ila baada ya masasisho machache ya Windows utakuwa unangoja muda mrefu kuliko unavyofanya kazi.

Hatua ya 4: Tumia macho na mikono yako dukani

Mambo yanayotofautisha mashine ghali na rahisi hayaandikwi kwenye karatasi ya bei, hivyo yakague mwenyewe.

- Fungua ukurasa mweupe wenye maandishi, kisha sogea kushoto na kulia. Kioo cha TN hubadilika rangi. Cha IPS hubaki vilevile. Kagua pia nukta zake: 1366 kwa 768 ni chache kwa anayefungua jedwali kubwa, 1920 kwa 1080 zinatosha.
- Peleka mashine karibu na mlango penye mwanga. Kioo chenye mwangaza wa niti 250 kitafifia. Cha 400 au zaidi kitasomeka. Anayefanya kazi barazani au shambani ataiona tofauti hii kila siku.
- Andika aya nzima. Kama vidole vinakosea vitufe au kibodi inabonyea katikati, usijidanganye kwamba utazoea.
- Fungua kioo kwa mkono mmoja, kisha kitikise kidogo. Bawaba legevu ndizo huvunja mashine nyingi za bei nafuu.
- Ibebe. MacBook Air ya M1 ina kilo 1.29, mashine nyingi za inchi 15 hukaribia kilo 2. Kwa anayepanda daladala au matatu asubuhi na jioni, hilo si jambo dogo.

Hatua ya 5: Gawanya gharama kwa miaka

Bei ya dukani ni nusu ya habari. Chukua bei, ongeza matengenezo unayoyatarajia, toa kiasi utakachouzia mwishoni, kisha gawanya kwa miaka ya matumizi. Tazama mfano huu kwa shilingi za Tanzania, halafu weka bei halisi za mjini kwako.

Mashine rahisi: 900,000, unaitumia miaka 2 na kuiuza 100,000. Gharama yake ni 400,000 kwa mwaka.

Mashine ghali: 2,400,000, betri mpya 200,000, unaitumia miaka 6 na kuiuza 300,000. Gharama yake ni kama 383,000 kwa mwaka.

Zinakaribiana, na ile ghali imekupa kioo bora na miaka isiyo na kero. Lakini ukiichoka ile ghali baada ya miaka 3 na kuiuza 900,000, gharama inapanda hadi 500,000 kwa mwaka. Faida ya mashine ya bei kubwa inatokana na kukaa nayo, kwa hiyo anayependa kubadili kila toleo jipya linapotoka hawezi kuitumia hesabu hii kujitetea. Pima pia hatari ya wizi na ya kumwagikiwa chai: hasara ya milioni mbili na laki nne haifanani na ya laki tisa. Na kama pesa ni ya mkopo, riba nayo iingie kwenye hesabu.

Hatua ya 6: Weka mezani chaguo la tatu

Kati ya rahisi na ghali kuna mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya makampuni: ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Zinapotolewa maofisini Ulaya na Marekani baada ya miaka michache, nyingi hufika kwetu kupitia Dubai au Uingereza, ndiyo maana Wakenya huziita "ex-UK". Zina bodi imara, kibodi nzuri na spea ambazo mafundi wetu wanazijua. Ukinunua moja kwa 800,000, ukaweka betri ya 100,000, ukaitumia miaka 4 na kuiuza 200,000, gharama ni 175,000 tu kwa mwaka.

Ukaguzi wake lazima uwe mkali. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayotengenezwa na ulinganishe uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wa sasa. Ikishuka chini ya asilimia 70, omba bei ipunguzwe. Washa mashine upya na uingie BIOS kuhakikisha haina nywila ya watu wengine. Kwa MacBook, hakikisha akaunti ya mmiliki wa kwanza imeondolewa na Activation Lock imezimwa. Bila hivyo unaweza kurudi nyumbani na chuma kisichofunguka.

Hatua ya 7: Muulize fundi, kisha amua

Kabla ya kulipa, mpelekee fundi unayemwamini jina kamili la mashine. Muulize kama kioo, kibodi na betri zake zinapatikana, kwa bei gani, na kama waranti inafanya kazi nchini mwako. Ubao mkuu ukiungua katika mashine ambayo kila kitu kimelehemiwa, ukarabati unaweza kukaribia bei ya mashine nyingine.

Halafu jibu maswali matatu kwa ndiyo au hapana. Je, ziada hii inanipa kitu ninachokitumia kila siku ya kazi? Je, kitu hicho hakiwezi kuongezwa baadaye? Je, nitakaa nayo miaka mitano au zaidi bila kuumia leo? Ndiyo tatu zinatosha: nunua kwa moyo mkunjufu. Mwandishi wa habari anayezunguka mahali umeme unapokatika, kwa mfano, anapata kwenye mashine kama MacBook Air ya M1, isiyo na feni na ambayo Apple iliitangazia hadi saa 15 za kuperuzi intaneti, kitu ambacho hakuna fundi atakayemwongezea. Hapana moja tu ikitokea, rudi hatua ya sita.

Uamuzi wowote ule, tenga kiasi cha diski ya nje ya kuhifadhia nakala za kazi zako, na udai risiti yenye namba ya mashine. Kitu cha thamani kubwa kuliko mashine yoyote ni tasnifu, hesabu na picha zilizomo ndani yake. Hizo zikipotea, hakuna duka litakalokuuzia nyingine.