SOMO: AHADI YENYE IKO MIKONONI MWA MWINGINE



Leo tujifunze namna gani kampuni kubwa inaweza kufungwa mikono na kitu kidogo. Ndani ya kila ordinatere kuko purosesa, ni kusema kile kipande chenye kufanya mahesabu yote. Tangu mwaka 1994, kampuni Apple ya Marekani ilitia purosesa za PowerPC ndani ya Macintosh zake. Haikuzitengeneza yenyewe, ilizinunua kwa Motorola na IBM.

1. Mwaka 1999. Mwezi wa 8 Apple ilitangaza Power Mac G4 za MHz 400, 450 na 500. Motorola ikashindwa kutoa zile za 500 kwa wingi. Mwezi wa 10 Apple ikashusha zote: 350, 400, 450. Bei ikabaki ile ile! Wanunuzi wakakasirika sana.

2. Mwaka 2003. Apple ikageukia IBM kwa purosesa ya G5. Mkubwa wake, Steve Jobs, akaahidi mbele ya watu kwamba ndani ya miezi 12 itafika GHz 3. Mwaka ukapita, ikafika 2.5 tu. Tena G5 ilitoa moto mwingi, hata haikuingia ndani ya ordinatere ya kubeba.

3. Kuachana. Mwezi wa 6, 2005, Jobs akatangaza kuhamia Intel. Mwaka 2020 Apple ikaanza kutia ndani ya Mac purosesa yake M1. Lakini tuangalie vizuri: Apple iliichora, TSMC ya Taiwan ndiyo iliitengeneza. Kutegemea hakukwisha.

Je, kosa ni la wauzaji tu? Hapana. Macintosh zilikuwa chache sokoni, na purosesa mpya inakula feza nyingi. Kwao Apple ilikuwa mnunuzi mdogo.

Basi tushike neno hili. Mnunuzi hakuagana na Motorola, aliagana na Apple. Fundi akiahidi iniforme mbele kitambaa hakijafika, mzazi atamwuliza fundi, hatamfuata mwenye duka. Luka 14:28 inatufundisha kuhesabu gharama kwanza. Sisi tuhesabu pia kile chenye hakiko mikononi mwetu, kisha ndiyo tufungue kinywa.

Maulizo:
a) Sababu gani Apple ilishusha MHz mwaka 1999?
b) Kuwa na wauzaji wawili kunatosha? Tujadiliane.
c) Ahadi gani tumetoa yenye inangojea mtu mwingine?