Nyumba Yangu, Kiwanja cha Mwenzangu: Fidia Ni ya Nani?

Katika mji wa Mombasa, na katika vijiji vingi vya pwani ya Kenya, kuna desturi ya zamani ambayo mgeni kutoka bara huistaajabia sana. Mtu aweza kuwa na nyumba yake mwenyewe, aliyoijenga kwa fedha zake, akaipangisha, akaiuza, au akawarithisha wanawe, na hali kiwanja kilicho chini yake ni cha mtu mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Watu huiita "nyumba bila ardhi". Na huko mashambani ni vivyo hivyo: shamba ni la huyu, minazi na miembe ni ya yule aliyeipanda.

Desturi hii haina taabu maadamu mambo ni shwari. Taabu huanza siku ile Serikali inapoihitaji ardhi kwa barabara, au reli, au bandari. Mwenye hati hana wasiwasi mkubwa, kwani jina lake limo katika daftari la ardhi. Lakini mwenye nyumba na minazi, asiye na hati yo yote, je, aondoke mikono mitupu? Hilo ndilo tutakalolieleza katika somo hili, maana sheria imemwekea mtu huyu nafasi ya kudai, na imeiwekea nafasi hiyo siku yake.

Tuanze na Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 40 chasema ya kuwa Serikali haiwezi kumnyang'anya mtu mali yake ila kwa jambo la manufaa ya watu wote, kwa kufuata sheria, na kwa kulipa fidia ya haki, iliyo kamili, tena bila kukawia. Kila mwenye haki katika mali ile aweza kulipeleka shauri lake mahakamani. Kisha kifungu hicho hicho chataja watu wa namna ya pili, yaani wale wanaokaa juu ya ardhi kwa nia njema bila kuwa na hati. Hao nao yaweza kuwekwa mpango wa kuwalipa fidia.

Msomaji na aliangalie sana neno hilo "yaweza". Kwa mwenye ardhi, Katiba imesema sharti alipwe. Kwa mkaaji wa nia njema imesema yaweza kuwekwa mpango. Kati ya maneno hayo mawili kuna tofauti kubwa, na sisi twaona ya kuwa waliotunga Katiba walimfungulia mkaaji mlango nusu tu. Ndiyo sababu mkaaji hapaswi kuketi akingoja kuitwa. Mwenye kukaa kwa ruhusa ya mwenye kiwanja, akalipa kodi na kutunza risiti zake, atakuwa na la kuonyesha akiulizwa habari za nia yake. Aliyekuja kusimamisha kibanda baada ya kusikia kuwa reli yapita hapo, na kutumaini malipo, atapata kazi ngumu kueleza nia yake ni njema kwa namna gani.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 iliusukuma mlango ule ukafunguka zaidi. Kazi ya kutwaa ardhi kwa lazima, iwe kwa ajili ya Serikali ya taifa au ya kaunti, ilipewa Tume ya Taifa ya Ardhi. Tume yapaswa kutangaza kusudi hilo katika Gazeti Rasmi, na kumpelekea nakala ya tangazo kila mtu aonekanaye kuwa na haki katika ardhi ile. Ni nani hao? Kifungu cha 107 chawataja wale ambao haki zao zimeandikwa katika daftari, pamoja na wake au waume zao. Na tena mtu ye yote anayeikalia ardhi ile hasa, pamoja na mke au mume wake. Basi mama aliye katika nyumba ya makuti, ambaye hajapata kuona hati maishani mwake, naye ni wa kupelekewa tangazo.

Hata hivyo, Gazeti Rasmi halisomwi na watu wengi vijijini. Kwa hiyo yafaa wakaaji wasikiapo habari za upimaji wamwulize chifu au ofisi ya ardhi ya kaunti kama kumekwisha kutoka tangazo, na namba za viwanja vilivyotajwa ni zipi.

Sasa twaja kwenye jambo lenye uzito kuliko yote, nalo ni baraza la uchunguzi. Baada ya siku 30 au zaidi tangu tangazo la kwanza, Tume huweka siku ya kusikiliza madai. Tangazo la siku hiyo lapaswa kutolewa siku 15 kabla yake, au zaidi. Kila mwenye dai hulileta kwa maandishi, nalo lifike mikononi mwa Tume isiwe baada ya siku ya baraza. Tume inayo mamlaka kama ya mahakama ya kuwaita mashahidi na kuwahoji.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana nyumba ya vyumba sita, minazi 20 na miembe mitatu katika shamba la mwenzake. Akienda barazani na kusema tu, "Mimi nimekaa hapa tangu ujana wangu, kila mtu anijua," hatakuwa amesema uongo, bali atakuwa amewaachia wengine kazi ya kumhesabia mali. Inafaa aandike: nyumba ina vyumba vingapi, imejengwa kwa nini, miti ni mingapi na ina umri gani, kisha aambatanishe risiti za kodi ya ardhi, picha, na barua ya mashahidi wanaoijua nyumba hiyo. Ikiwa nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake, atafute mapema hati ya usimamizi wa mirathi, maana ndugu wakishindana mbele ya mthamini malipo husimama.

Watu wa pwani wanayo sababu ya kukumbuka habari za madai yenye siku. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi kwa nchi ya pwani, ikawataka wenye ardhi kuleta madai yao mbele ya afisa aliyewekwa. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Wako waliokuwa wakilima mahali pale kabla ya sheria kutungwa, nao hawakufika kudai, wengine kwa kutosikia na wengine kwa kutofahamu. Wengi wa wale waitwao maskwota wa pwani leo ni wajukuu na vitukuu vya watu hao.

Baada ya baraza, Tume hutoa uamuzi wa fidia kwa kila mtu peke yake. Kwa hiyo mwenye kiwanja haandikiwi fungu la mwenye nyumba ili amgawie apendavyo. Kanuni za mwaka 2017 ziliagiza pia kwamba juu ya thamani ya soko iongezwe asilimia 15 kwa ajili ya usumbufu wa kuhamishwa. Ikiwa wawili wanagombania fungu moja, au mmoja akikataa kupokea, Tume yaweza kuziweka fedha katika akaunti maalumu hadi jambo liamuliwe. Huku nyuma kazi ya barabara haingojei ugomvi wao.

Na je, "bila kukawia" ni muda gani? Sheria ya mwaka 2019 iliyorekebisha mambo ya thamani ya ardhi ilieleza ya kuwa ni muda wa kadiri, usiozidi mwaka mmoja tangu Tume iishike ardhi. Wakili ofisini aweza kuuona mwaka mmoja kuwa muda mfupi. Aliyebomolewa jiko lake atauona mrefu. Malipo yakichelewa, sheria yaagiza riba. Sheria hiyo hiyo ya 2019 iliweka baraza la hukumu la kusikiliza mashauri ya utwaaji wa ardhi, na asiyeridhika na uamuzi wa Tume hulipeleka shauri lake huko kwanza.

Yamebaki maneno machache juu ya wale wanaokaa katika ardhi iliyo ya umma tangu hapo. Hao hawatwaliwi ardhi, kwa kuwa si yao, na masharti ya fidia tuliyoyaeleza hayawahusu. Lakini si kweli kwamba hawana haki yo yote. Mwaka 2011 kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson mjini Nairobi, kilibomolewa baada ya wakaaji kupewa ilani ya siku 7. Shauri lao lilifika Mahakama ya Juu, nayo tarehe 11 Januari 2021 ikasema ya kuwa watu wasio na ardhi waliojenga makao yao katika ardhi ya umma hawapati umilki wake, ila wanapata haki ya makao inayostahili kulindwa na sheria. Kabla ya hukumu hiyo, marekebisho ya mwaka 2016 yalikuwa yamekwisha kuagiza ya kuwa ilani ya kuwahamisha watu isipungue miezi mitatu. Akipewa ilani ya siku 7 leo, mkaaji aweza kwenda mahakamani nayo ingali mkononi, kabla tingatinga halijafika.